Kitalu Kiko Kisogoni

Mtazame mzee mwenye upara uliokomaa akiwa ameketi kwa kinyozi. Juu hakuna kitu, mng'ao mtupu, lakini mashine bado ina kazi: kutoka sikio hadi sikio, kuzunguka kisogo, kuna ukanda wa nywele unaoota vilevile kama alipokuwa na miaka 20. Karibu upasuaji wote wa upara, tangu ulipoanza hadi leo, ni kuchukua kwenye ukanda huo na kupeleka mbele. Hakuna daktari aliyewahi kumwongezea mtu unywele hata mmoja kwa kisu. Ni kazi ya mkulima wa mpunga: unang'oa miche kitaluni, unaiatika shambani. Tofauti ni kwamba kitalu hiki hakisiwi mara ya pili.

Kwa nini kisogo hubaki? Mwaka 1942 James Hamilton, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, na kwamba wakipewa testosteroni, wale wenye upara katika ukoo wao huanza kupukutika. Baadaye ikafahamika kwamba msumbufu hasa ni DHT, homoni ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. Vinyweleo vya panja na utosini vinaisikia na kusinyaa, kila mzunguko vikitoa unywele mwembamba zaidi hadi unakuwa malaika tu. Vya kisogoni ni viziwi kwa homoni hiyohiyo, ingawa damu inayovifikia ni moja.

Swali lililobaki lilikuwa hili: ukikihamisha kinyweleo kiziwi hadi kwenye panja, kitabaki kiziwi au kitafuata tabia za majirani wapya? Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, alilijibu kuanzia mwaka 1952. Alihamisha vipande vya ngozi pande zote: chenye nywele kwenda penye upara, cha upara kwenda penye nywele. Cha kisogoni kiliendelea kuota mbele, na cha upara kilibaki na upara wake katikati ya nywele. Kwa hiyo tabia ya unywele iko kwenye kinyweleo chenyewe, haiko kwenye ngozi kinapopandwa. Aliyachapisha haya mwaka 1959, na kila kliniki ya nywele unayoiona kwenye matangazo leo imejengwa juu ya jaribio hilo.

Haki yake apewe pia Shoji Okuda. Mwaka 1939 daktari huyo wa Japani alikwisha chapisha namna ya kuhamisha vipande vya ngozi yenye nywele kwa vitoboleo vya duara vya milimita 2 hadi 4, akiwatibu watu wenye makovu na nyusi zilizopotea. Mwaka 1943 mwenzake Hajime Tamura akaenda mbali zaidi: alipandikiza vipande vidogo vya nywele moja hadi tatu kwenye kinena cha wanawake, akaona kwamba kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo nywele zinavyoonekana za asili. Vita ilikuwa imepamba moto, na majarida yao yalikuwa ya Kijapani. Nje ya Japani hakuna aliyesoma, na ilichukua karibu nusu karne madaktari wengine kufika pale Tamura alipokuwa ameketi.

Badala yake dunia ikashika milimita 4 za Orentreich. Fikiria kitoboleo cha fundi viatu, kile cha kutobolea mkanda. Kipande cha upana huo kina eneo la milimita za mraba 12 na nusu, na kinaweza kubeba nywele 20 au zaidi. Kikishapandwa, kwa siku za mwanzo hakina mshipa wa damu. Kinaishi kwa majimaji yanayopenya kutoka kandokando. Kingo zinashiba, kitovu kinakosa hewa. Matokeo yake nywele za katikati zilikufa, zikabaki za pembeni, na kila kipande kikageuka pete yenye tundu. Hata kisipofanya hivyo, nywele 20 zinazochomoza kutoka duara moja, kisha ngozi tupu, kisha duara jingine, hazifanani na kichwa cha mtu. Zinafanana na mwanasesere. Wala daktari hakuweza kuvibananisha vipande, maana damu ingekosa njia. Ilibidi aache nafasi ya kipande kizima kati ya viwili, arudi baada ya miezi kujaza, arudi tena, mara nne. Wengi waliishia njiani, wakabaki na madoa ya nywele yaliyopangwa kama mahindi. Nyuma nako matundu yaliachwa yapone yenyewe, kisogo kikajaa makovu meupe ya duara.

Miaka ya 1970 ilileta vituko vingine. José Juri wa Argentina alikata ukanda mrefu wa ngozi ya pembeni na kuuzungusha hadi mbele ukiwa bado umeshikana na mshipa wake. Nywele zilikuja nyingi, lakini zikielekea nyuma badala ya mbele, na ncha ya ukanda ilikuwa hatarini kuoza. Wengine wakakata ngozi ya upara yenyewe na kuvuta pande mbili zikutane, kama fundi cherehani anavyopunguza suruali. Ngozi ikatanuka tena, kovu likabaki juu ya kichwa. Na walikuwepo waliochomeka nyuzi za plastiki kichwani. Mwili ulizikataa, usaha ukafuata, na Marekani ikazipiga marufuku mwaka 1983.

Mlango ulifunguliwa na hadubini. Mwaka 1984 John Headington alieleza kwamba nywele za kichwa hazioti moja moja kwa kutawanyika. Zinaota kwa vishada: nywele moja hadi nne pamoja, na tezi yao ya mafuta na kijimsuli chao, zimefungwa kama kifurushi kimoja. Tazama ngozi ya kisogo iliyonyolewa chini ya lenzi utaviona, viwili hapa, vitatu pale. Basi kama maumbile yamepanda kwa vishada, kwa nini daktari apande kwa madonge? Bobby Limmer wa Texas alianza mwaka 1988 kukichambua kipande cha ngozi chini ya hadubini na kutoa kila kishada peke yake, na miaka ya 1990 Robert Bernstein na William Rassman wakaligeuza wazo hilo kuwa kanuni: kishada kihamishwe kizima, hakipasuliwi wala hakiunganishwi na kingine.

Njia hiyo, ambayo matangazo huiita FUT (follicular unit transplantation, kupandikiza kwa vishada), inakwenda hivi. Kisogoni unakatwa ukanda wa upana wa sentimita 1 hadi 1.5, urefu hata 25, kisu kikilazwa sambamba na mwelekeo wa nywele ili mizizi isikatwe. Jeraha linashonwa, fundi mzuri huparua kama milimita moja ya ukingo mmoja ili nywele ziote kupitia ndani ya kovu na kulificha. Ukanda unakabidhiwa kwa wachambuzi watatu hadi sita walioketi kwenye hadubini zinazokuza mara 10. Kwanza wanaukata vipande vyembamba kama mkate, kila kimoja na safu moja ya vishada, halafu wanakitoa kishada kimoja kimoja kwa wembe, wakiacha mafuta kidogo kuzunguka mzizi. Mafuta hayo ndiyo mto wake. Kishada kilichochunwa hadi kikabaki uchi, mzizi mweupe ukining'inia, ni rahisi kusagwa na kibano wakati wa kupanda.

Na hapa saa inakimbia. Limmer alipima: vishada vilivyokaa nje ya mwili saa 2 viliota kwa asilimia 95, saa 4, asilimia 90, saa 24, asilimia 79, saa 48, nusu tu. Ndiyo maana huwekwa kwenye maji ya chumvi ya hospitali yaliyopoozwa hadi nyuzi 4. Lakini muuaji mkubwa ni ukavu. Mche wa mpunga ukisahauliwa juani unanyauka mbele ya macho yako. Kishada kikisahauliwa juu ya glovu ya nesi, chini ya taa ya upasuaji, dakika chache zinatosha kukiua, na hakuna atakayejua hadi miezi minane baadaye pasipoota kitu.

Kasoro ya FUT ni lile kovu la mstari. Njia ya kulikwepa ilikuwa kurudi kwenye kitoboleo, safari hii cha upana wa kishada kimoja. Masumi Inaba wa Japani alitumia sindano ya milimita 1 mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2002 Rassman, Bernstein na wenzao wakaichapisha kwa jina ambalo sasa liko kwenye kila bango: FUE (follicular unit extraction, kung'oa kishada kimoja kimoja). Kitoboleo ni cha milimita 0.8 hadi 1. Kinawekwa juu ya kishada, kikifuata pembe ya unywele unavyotoka, kinazungushwa na kushuka milimita 2.5 hadi 4 tu, kiasi cha kuachanisha kishada na ngozi iliyokishika juu. Kisha kibano kinavuta, na kama kina kilikuwa sahihi kishada kinateleza chenyewe. Ukishuka mno unakata mizizi, inayoanza kutawanyika kuelekea nje kama miguu ya stuli. Ukishuka kidogo mno, unavuta na kofia inang'oka, mzizi ukabaki ndani.

Chama cha kimataifa cha madaktari wa nywele, ISHRS, mwaka 2018 kilibadilisha neno la mwisho la jina FUE kutoka extraction kuwa excision, ili lisomeke ukataji badala ya ung'oaji. Walikuwa na sababu. Neno la kung'oa lilifanya ionekane kama kazi ya kibano ambayo mtu yeyote anaweza kupewa, na kliniki nyingi, hasa zile zinazohudumia wagonjwa wengi kwa siku, zilikuwa zinawapa watu wasio madaktari vitoboleo mkononi.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu karibu kila ulichosoma hapo juu kilijaribiwa kwanza kwenye nywele za kunyooka. Unywele wa kipilipili haujikunji baada ya kutoka tu. Umeshajikunja ndani ya ngozi: mzizi wake umepinda kama mundu. Kitoboleo kinachoshuka moja kwa moja kinafuata mwelekeo kinaouona juu, na chini kinaukata mzizi uliokwisha geukia pembeni. Roboti ya kutoa vishada iitwayo ARTAS, iliporuhusiwa Marekani mwaka 2011, iliruhusiwa kwa wanaume wenye nywele nyeusi au kahawia zilizonyooka tu. Anayetoa nywele za kipilipili hutumia kitoboleo kipana zaidi, milimita 1 hadi 1.2, mara nyingi chenye mdomo butu au uliotanuka, anashuka kina kifupi, anazungusha polepole na kuukunja mkono kufuata mzingo. Halafu anafanya jambo ambalo ungepaswa kulidai: anatoa vishada 10 vya majaribio, anavipanga juu ya shashi iliyolowa na kuviangalia kwa lenzi. Kishada kizima kinaonekana kama koma, mkia wake una kitunguu cheupe. Kilichokatwa kinaishia ghafla, mahali palipopaswa kuwa na kitunguu ni pameparwa tu. Kama vitatu au vinne kati ya kumi vimekatwa, siku hiyo kazi isimame. Kuendelea ni kuchoma akiba.

Kwa upande mwingine, kipilipili kina baraka yake. Kila unywele unajizungusha na kufunika eneo, na ngozi nyeusi chini ya nywele nyeusi haipigi kelele. Vishada 25 hadi 30 kwa sentimita ya mraba vinaweza kuonekana vimejaa, pale ambapo nywele nyembamba za kunyooka juu ya ngozi nyeupe zingehitaji 40.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwetu ni keloidi. Kabla ya kisu, angalia kovu la BCG begani, masikio yaliyotobolewa, kifua. Kama kovu limevimba na kupita mipaka ya jeraha lake, upasuaji huu si wako. Angalia na kisogo chenyewe: yale mapele magumu ya chini ya nywele yanayokuja baada ya kunyolewa karibu sana, ambayo wengi huyalaumu kwa mashine chafu ya saluni, ni uvimbe wa vinyweleo unaoacha makovu, na kisogo cha namna hiyo si kitalu salama.

Na kuna jambo ambalo matangazo hayasemi. Mwanaume wa kwetu anayeingiwa na upara ana tiba ya bei ya kinyozi: ananyoa zote, maisha yanaendelea, na anapendeza. Ukishapasuliwa unaipoteza tiba hiyo. FUE haiachi kovu la mstari, lakini kila tundu huacha kidoti, na kwenye ngozi nyeusi kidoti hicho mara nyingi ni cheupe. Vidoti 2500 kwenye kisogo kilichonyolewa kipara vinaonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Neno “bila kovu” ni la muuza dawa wa stendi.

Hesabu yenyewe haina huruma. Kipimo cha upara cha Norwood, daktari wa Marekani aliyekirekebisha mwaka 1975 kutoka kile cha Hamilton, kina hatua saba. Mtu wa hatua ya sita ana uwazi wa karibu sentimita za mraba 200. Kwa vishada 35 kila sentimita anahitaji 7000. Kisogo salama, sehemu ambayo hata uzeeni haitapukutika, kwa watu wengi kinaweza kutoa kama 5000 hadi 7000 maisha yote, kwa sababu ukivuka nusu ya vilivyopo kisogo chenyewe kinaanza kuonekana kama blanketi lililoliwa na nondo. Kwa hiyo anayekuahidi vishada 5000 kwa kikao kimoja ukiwa na miaka 24 amekuuzia shamba lote kwa msimu mmoja. Nywele ulizonazo sasa utosini bado zitaendelea kuondoka. Zilizopandwa mbele zitabaki, na ukifika 40 utakuwa na kisiwa cha nywele mbele, bahari ya ngozi nyuma yake, na kitalu kitupu. Ndiyo sababu madaktari makini humwambia kijana asubiri, au kwanza atumie finasteride, iliyoruhusiwa kwa upara Marekani mwaka 1997 na inayopunguza DHT ya damu kwa karibu asilimia 70, ama minoxidil, ambayo ilianza kama dawa ya presha. Finasteride si ya mwanamke anayeweza kushika mimba. Inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni.

Siku yenyewe ni ndefu, kazi ya muda wa saa sita hadi kumi, na hatari ya kweli haiko kwenye nywele, iko kwenye ganzi. Kiwango cha juu cha lidokeini iliyochanganywa na adrenalini ni miligramu 7 kwa kilo, isizidi 500. Mtu wa kilo 70 anafikia 490. Kwenye dawa ya asilimia 2, hizo ni mililita 24 na nusu tu. Kwenye asilimia 1 ni 49. Chumba ambacho watu watatu tofauti wanachoma sindano kila mgonjwa anapolalamika, bila mmoja anayeandika jumla, ni chumba cha kuogopwa. Ulimi kufa ganzi, masikio kulia, ladha ya chuma mdomoni: hapo anayechoma aache mara moja, kwa sababu kinachofuata ni degedege.

Mbele, mstari wa nywele huchorwa sentimita 7 hadi 9 juu ya katikati ya nyusi, usiwe mnyoofu kama uliopigwa rula. Safu mbili tatu za kwanza ni vishada vya unywele mmoja mmoja, vya nywele tatu vinarudi nyuma. Vitundu vya kupokea hutobolewa kwa sindano au wembe wa milimita 0.6 hadi 1.2 kwa pembe ya kulala, karibu nyuzi 40 mbele, na kwenye panja vinalala kabisa, 10 hadi 15. Kipilipili kinahitaji vitundu vipana kidogo, maana kishada chake kimejipinda. Kikizamishwa mno, kinaacha kijishimo au uvimbe wa unywele uliozikwa. Kikiachwa juu mno kinakauka na ngozi inakuwa na manundu. Vikibananishwa mno kwenye kichwa cha mvutaji sigara, ngozi ya katikati inageuka bluu, kisha nyeusi, kisha inakufa. Kalamu ya Choi, iliyotengenezwa Korea na kuchapishwa mwaka 1992, inatoboa na kupanda kwa mkupuo mmoja bila kibano kuugusa mzizi. Ni kifaa kizuri, ila si muujiza unaostahili bei mara mbili.

Akina dada wengi wanaouliza habari hizi hawana upara wa homoni. Wana mbele iliyorudi kwa kusukwa kwa kukazwa, rasta nzito, gundi ya wigi, miaka kumi mfululizo. Pakiwa pameshalainika na kung'aa, vinyweleo vimekufa na upandikizaji unafanya kazi vizuri, mradi mtu asirudi kwenye yebo yebo za kuvuta. Mche mpya utang'oka kwa kamba ileile. Uwazi unaoanzia utosini na kutanuka, wenye kuwasha au kuuma, ni ugonjwa mwingine. Huo upimwe kipande cha ngozi kwanza, na usipandwe hadi utulie mwaka au zaidi.

Baada ya hapo: lala kichwa kimeinuliwa nyuzi 45 siku chache za mwanzo, kwa sababu uvimbe wa paji hushuka hadi machoni siku ya tatu hadi ya tano. Nyunyiza maji ya chumvi mara kwa mara. Osha siku ya pili au ya tatu kwa kumwagia kikombe, usisugue. Magamba huanguka kati ya siku ya 7 na ya 10, na kufikia siku ya 10 hivi kishada kimeshashika. Wiki ya pili hadi ya sita nywele zilizopandwa zinadondoka karibu zote, na simu za wagonjwa kwenye kliniki huwa nyingi kipindi hicho. Kilichodondoka ni shina, mzizi umelala. Mwezi wa tatu au wa nne vinachomoza vyembamba, na mwaka ukitimia unaona sura kamili, utosini hata miezi 18.

Kuhusu kuongeza kitalu chenyewe, jaribio linalokumbukwa zaidi ni la mwaka 1999. Colin Jahoda wa Durham, Uingereza, alichukua chembe za sehemu ya chini ya vinyweleo vya kichwa chake na kuzipandikiza kwenye mkono wa mkewe, Amanda Reynolds, mtafiti mwenzake. Vinyweleo vipya vikaota kwenye mkono huo, na mwili wake haukuzikataa. Tatizo ni kwamba chembe hizo zikizalishwa kwenye sahani ya maabara zinasahau kazi yake: zinaongezeka, lakini haziiamrishi tena ngozi kutengeneza unywele. Mwaka 2013 Jahoda, Claire Higgins na Angela Christiano walizikuza kwenye matone yanayoning'inia ili zijikusanye kama vitufe, na sehemu ya kumbukumbu hiyo ikarudi. Sehemu tu. Kwa mgonjwa wa leo, hesabu bado ni ile ya vishada vilivyoko kisogoni.